Mwana wa Mkulima Aliyekuja Kusomeshwa: Hotuba kuhusu Mchungaji Johann Ludwig Krapf

Hotuba hii ilitolewa mjini Mombasa mbele ya wanafunzi wa uchungaji, wazee wa kanisa na wageni waalikwa. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Wazee wetu, akina mama, vijana, na majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleikum. Nawaona masheikh mmejibanza kule nyuma. Tafadhalini sogeeni mbele, kwa sababu hotuba ya leo ina kadhi ndani yake, na kadhi huyo ana fungu kubwa kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa nieleze maisha ya Mchungaji Johann Ludwig Krapf. Kila mwanafunzi wa Pwani ameimbishwa habari zake darasani: Krapf alileta Injili, Krapf alileta kusoma, Krapf aliuona Mlima Kenya. Alileta, alileta, alileta. Leo nataka tuugeuze upande wa pili wa nguo tuone mshono. Nataka tuulize: huyu mtu alipewa nini, na nani alimpa? Maana mchungaji aliyeshuka Mombasa Mei 1844 hakuwa na neno hata moja la Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kinywani. Alianza kama mtoto wa chuoni, na walimu wake walikuwa watu wa hapa.

Lakini tuanzie shambani.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Leo Derendingen imemezwa na mji wa Tübingen, kama Mikindani ilivyomezwa na Mombasa. Baba yake, Johann Jakob, alikuwa mkulima mwenye nafasi kidogo: hakuwa tajiri, ila hakulala njaa. Katika nchi hiyo mila ya urithi ilikuwa kugawa ardhi sawasawa kwa watoto wote. Mnajua linalofuata. Baba ana shamba, watoto ni watano, wajukuu ni ishirini, na shamba linakuwa vipande vyembamba kama kanga iliyochanika. Mtu wa Rabai au Kaloleni hahitaji kuchorewa picha. Mtoto wa nchi ile aliyekuwa na akili ya kitabu alijua mapema kwamba jembe lina mwisho wake.

Na kulikuwa na mwaka wa balaa. Aprili 1815 mlima wa moto unaoitwa Tambora, huko Indonesia, ulilipuka. Majivu na moshi wake yalitanda angani, jua likapungua nguvu, na mwaka uliofuata, 1816, Ulaya ikakosa kiangazi. Mvua haikukatika, nafaka ikaozea shambani, bei ya mkate ikapanda, na Württemberg ikaumia sana. Maelfu ya watu wakahama. Krapf alikuwa na umri wa miaka 6. Mtoto wa mkulima akiiona njaa ya namna hiyo hamcheki mtu anayeomba mvua. Kumbukeni hilo tutakapofika Rabai.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine. Kosa si lake, fimbo ni yake! Akaugua karibu miezi sita. Amelala kitandani, shamba haliwezi, akasoma Biblia mpaka hadithi zake zikamkaa kichwani. Mlango wa uchungaji ulifunguliwa na kipigo cha dhuluma. Sisemi kipigo ni kizuri. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye akapelekwa shule ya Kilatini mjini Tübingen, akawa anakwenda kwa miguu. Siku moja akaitazama ramani ya Afrika, akaona upande huu wetu, nchi ya Adal na Wasomali, una majina machache mno. Alikuwa amesoma safari za Mskoti mmoja, James Bruce, aliyezunguka Uhabeshi, na humo fisi wametajwa kwa wingi. Kijana akajiuliza: je, huko hakuna majina kwa sababu kumejaa fisi? Cheka, cheka tu. Lakini jiulizeni ni watu wazima wangapi hata leo wanaitazama ramani isiyo na majina wakadhani haina watu.

Kwanza alitaka kuwa nahodha. Gharama ya mafunzo ilimshinda baba yake, kwa hiyo bahari ikaahirishwa. Kisha mkuu wa shule akawasomea wanafunzi makala kuhusu kazi ya misheni, na kijana akaona njia nyingine ya kufika ng'ambo. Mwaka 1827 akaingia chuo cha Misheni ya Basel, Uswisi. Akaacha. Ndiyo, aliacha! Alizama katika vitabu vya tafakuri za ndani mpaka akaona hafai kuwa mmisionari. Akarudi Tübingen akasoma thiolojia, akawa msaidizi wa mchungaji kijijini, akahubiri siku za mwisho kwa ukali uliowakera wakubwa, akaacha tena. Wanafunzi wa uchungaji mlioko hapa, mkimwona mwenzenu anasitasita mwaka wa pili msikimbilie kusema hakuitwa. Mwaka 1836 akakubaliwa na CMS, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, na mwaka 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi.

Uhabeshi nitaupita mbio. Alijifunza Kiamhari na Kigeezi, akafukuzwa Tigray mwaka 1838, akakaa Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akakusanya miswada ya kale ambayo ilimpa heshima ya udaktari Tübingen. Lengo lake lilikuwa Waoromo, aliowaona ni taifa kubwa litakalofungua bara zima. Njia ya kaskazini ikafungwa. Akasema: basi nitazunguka, niwafikie kwa kupitia pwani ya Waswahili. Kwa hiyo mjue, ndugu zangu, Krapf hakuja kwa ajili yetu. Tulikuwa njia. Mombasa ilikuwa kituo cha kubadilisha gari.

Mwalimu wa kwanza.

Januari 1844 Krapf na mkewe Rosine walifika Unguja. Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akieleza kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, watu wamtendee mema na kumsaidia. Tafakarini hilo: kasisi wa Kiprotestanti ameingia Mombasa kwa barua ya mtawala Mwislamu. Na ni miaka 7 tu tangu Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waondolewe kwenye ngome ya Fort Jesus, mwaka 1837. Mji ulikuwa bado una vidonda. Mgeni asiye na barua angeulizwa mengi.

Tarehe 8 Juni 1844 akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alianza na nani? Na Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Narudia, maana wengine nawaona mmeinua nyusi: na kadhi wa Mombasa. Mwezi mmoja na kitu baada ya kuhamia mjini. Mtu wa mwezi mmoja hawezi kutafsiri. Anaweza kuuliza tu. Anayejua kama sentensi imekaa sawa, anayejua neno hili ni la barazani au ni la msikitini, ni yule aliyeketi upande wa pili wa mkeka. Sura tatu za mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Jina la Krapf liko juu kabisa.

Hapa pana jambo la ufundi, na nitalikalia kidogo kwa sababu linawahusu wote mnaoandika ujumbe kwa simu kila siku. Krapf alichagua herufi za Kilatini. Kiswahili kilikuwa tayari kina maandishi yake: tenzi, barua za biashara, hati za mashamba, vyote kwa herufi za Kiarabu. Kwa nini akabadilisha? Sababu moja haipendezi mbele ya wageni wetu, lakini ukweli hausitiriwi: aliona herufi za Kiarabu zitamvuta msomaji kuelekea Uislamu. Sababu ya pili ni ya sauti. Kiarabu kina irabu fupi tatu, Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo *i* na *e* zilivaa alama moja, kasra, *u* na *o* zikavaa alama moja, dhumma. Tena Kiarabu hakina *p*, kwa hiyo mwandishi alitumia herufi ya *b*. Matokeo yake, “pata” na “bata” yakiandikwa yanafanana. Mswahili hakupotea, kwa sababu alilijua shairi kabla ya kulisoma. Mgeni ndiye aliyepotea. Na msidhani waandishi wetu hawakuliona tatizo. Walikuwa na marekebisho yao ya nukta, na baadaye katika karne ile ile Mwalimu Sikujua wa hapa Mombasa aliyafanyia kazi kwa ustadi mkubwa.

Halafu lione hili la ajabu. Mtu huyuhuyu aliyezikataa herufi za Kiarabu ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi za kale za Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizohizo, ikahifadhiwa katika maktaba ya Halle tangu mwaka 1854. Mkono mmoja unafunga mlango, mkono mwingine unaokoa vyombo. Binadamu ni hivyo.

Sasa turudi kwenye Juni ile. Walihamia Mombasa Mei, masika yamepamba moto, Rosine ni mjamzito. Leo nesi yeyote wa zahanati angewaambia: huo ndio mwezi mbaya, na mama mjamzito ndiye malaria inayempiga zaidi. Wao walidhani homa inatokana na hewa chafu ya kinamasi. Ilibidi ipite miaka 53, mpaka 1897, ndipo Ronald Ross athibitishe huko India kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Krapf akaugua, Rosine akajifungua mtoto wa kike akiwa na homa, na tarehe 13 Julai 1844 akafariki. Siku chache baadaye mtoto akamfuata. Alikuwa mtoto wao wa pili kuzikwa. Wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati jangwani walipokuwa safarini karibu na Massawa, wakamwita Eneba, maana yake chozi.

Rosine alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, karibu na English Point. Kwa nini si kisiwani? Kwa sababu ndivyo alivyotaka mwenyewe: kaburi liwe bara, kwenye njia wanayopita watu wa nyika, liwakumbushe wapitao kazi iliyokusudiwa. Leo watu hupita hapo wakienda kula samaki wa kupaka na hawageuzi shingo. Krapf akaiandikia kamati London kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa vita vimeanza. Kisha akarudi kwa kadhi wakaendelea na Mwanzo.

Mwalimu wa pili: wazee wa kaya.

Tarehe 10 Juni 1846 akafika Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, naye mtoto wa wakulima wa zabibu kutoka Gerlingen, Württemberg ileile. Wote wawili ni watu wa jembe. Wakaamua kuhamia Rabai Mpya, mlimani, ambako hewa ilionekana nafuu na watu walikuwa Mijikenda. Walienda wapi kuomba ruhusa? Kwa liwali? La. Liwali alitawala pwani. Mlimani ilitawala kambi, baraza la wazee wa kaya, yaani makao ya Mijikenda yenye ngome ndani ya msitu, na bila neno la kambi huchimbi hata shimo la nguzo. Wazee wakauliza maswali yao, wakaridhia, wakatoa mahali. Kiwanja cha misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika nchi hii kilitolewa na wazee wa Rabai. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema. Siku hiyo aliyepona ni mgeni.

Tarehe 25 Agosti 1846 wakahamia. Wote wawili wana homa. Punda ni mmoja. Fikirini picha hiyo: Wajerumani wawili wanatetemeka, mlima ni mkali, punda mmoja. Krapf mwenyewe alikiri kwamba ni nadra misheni kuanza kwa udhaifu kama ule.

Sasa mahubiri yakaanza, na yakakwama. Kwa nini yalikwama? Wengine watawaambia ni ugumu wa mioyo. Mimi nawaambia mojawapo ya sababu ni hesabu. Juma la Mijikenda halikuwa na siku 7. Lilikuwa na siku 4, na siku ya Jumwa ndiyo ya mapumziko, hakuna kulima. Siku tatu jembe, siku moja pumziko. Anakuja mchungaji anasema: pumzikeni kila siku ya saba. Chukueni karatasi mpige hesabu wenyewe: Jumapili na Jumwa hukutana mara moja tu kila siku 28. Jumapili tatu kati ya nne, mkulima wa Rabai yuko kondeni, na kwa haki yake. Wewe mtoto wa mkulima ungeiacha palizi mvua ikiwa imekatika siku mbili, uende kusikiliza mgeni? Krapf alitoka katika nyumba ya wakulima, alijua maana ya palizi iliyochelewa. Alilalamika, lakini alibaki. Akaenda kuwatembelea watu mashambani mwao, chini ya minazi, huku wanafanya kazi. Hilo ndilo alilofundishwa na wazee: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Matunda yalikuwa machache mno. Mringe, mtu mlemavu wa viungo, aliyependa kukaa akiongea na wamisionari usiku, ndiye anayekumbukwa kuwa wa kwanza kuamini. Alibatizwa akiwa karibu na kufa. Baadaye, wakati wa Rebmann, akabatizwa mzee Abe Gunja pamoja na mwanawe Nyondo. Hesabu ya miaka kumi na mitano inaenea katika vidole vya mkono. Askofu wa leo akipata ripoti kama hiyo, mchungaji huyo anahamishwa kabla ya Pasaka!

Hata hivyo kazi ya mezani haikulala. Injili ya Luka kwa Kirabai ilichapishwa Bombay mwaka 1848, pamoja na kitabu cha kufundishia herufi. Kwa nini Bombay? Kwa sababu huku hapakuwa na mashine ya kuchapia, na Bombay ilifikika kwa jahazi. Jahazi linangoja upepo: wa kusi unapeleka India, wa kaskazi unarudisha. Ukikosea herufi kwenye muswada, sahihisho linangoja msimu. Sisi leo tukikosea herufi tunafuta kwa kidole, na bado tunaandika “hiyo kitu”. (Samahani, hilo limenitoka.)

Mwalimu wa tatu: njia ya bara.

Wamisionari hawa hawakugundua njia yoyote. Njia zilikuwepo, zina wenyewe. Rebmann alikwenda Uchaga akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya mlima, akamuuliza kiongozi ni kitu gani. Jibu? “Baridi.” Neno moja. Mswahili wa pwani hakuwa na jina la theluji, kwani aione wapi? Akaitaja kwa kile inachomfanyia mtu. Na kule London bwana mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akaandika kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Yule aliyekwenda kwa miguu akaambiwa macho yamemdanganya. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, mpaka safari za von der Decken za 1861 na 1862, ndipo ubishi ukaisha.

Krapf naye akatoka Rabai Novemba 1849 kwenda Ukambani. Tarehe 10 akiwa Maungu aliiona Kilimanjaro. Maungu ileile mnayopita kwa basi mkienda Nairobi mkiwa mmelala. Akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, ambaye misafara yake ilishuka mpaka pwani. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima mwingine mweupe, na tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka Krapf akauona. Akaandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba: Kegnia. Wengi hueleza kwamba Wakamba waliufananisha mlima na mbuni dume, weusi na weupe. Mwaka 1920 nchi nzima ikapewa jina hilo. Kwa hiyo tunapoimba wimbo wa taifa tunaimba jina lililotoka kinywani mwa Mkamba, likapita sikioni mwa mtoto wa mkulima wa Derendingen.

Mwaka 1851 akarudi Ukambani, na hapo mambo yakaharibika. Agosti, karibu na mto Tana, msafara wa Kivoi ulivamiwa. Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake msituni, hana chakula, hana maji, na hana mtu. Alipofika mtoni alikunywa, kisha akafikiria njia iliyo mbele. Maji utayabeba kwa nini? Hana kibuyu. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake. Akajaza mitutu ya bunduki, akaziba midomo kwa nyasi na vipande vya kitambaa alivyokata kwenye suruali yake. Akaenda usiku, mchana akajificha. Lakini miiba na matawi yakachomoa vile vizibo, na maji ya bunduki yakamwagika bila yeye kujua. Akala majani, akala mizizi, akala sisimizi, akajaribu mpaka baruti. Kilichomwokoa ni kelele za nyani. Alijua walipo nyani hapakosi maji; akafuata sauti, akakuta mto mkavu ambao nyani wamechimba mashimo kwenye mchanga, na ndani ya mashimo mna maji. Mtu mwenye udaktari wa Tübingen akafundishwa na nyani pa kunywa.

Alipowafikia jamaa za Kivoi, mambo hayakuwa rahisi. Walimlaumu: ulikuwa naye, mbona yeye amekufa na wewe unapumua? Akalazimika kutoroka usiku. Sidhani walikuwa waovu. Walikuwa wafiwa.

Baada ya hapo afya ikamwisha. Mwaka 1853 akaondoka Rabai, na baadaye akakaa Korntal, karibu na Stuttgart. Ndoto yake kubwa, mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kuvuka bara mpaka Gabon, haikutimia. Waoromo aliowafuata hakuwafikia kwa njia hii. Mwaka 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, akarudi kwao. Akaugua, akaandika, akasahihisha, akaandika. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ikatoka London mwaka uliofuata, 1882. Hakuishika mkononi.

Kamusi hiyo imejaa Kimvita. Ndiyo, watu wa Mji wa Kale, ni lugha yenu: *mato*, *kitwa*, *ndia*, yaani macho, kichwa, njia. Lakini mwaka 1928 wataalamu wa serikali za kikoloni na misheni walikutana, na walikutana wapi? Hapahapa Mombasa! Wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikashindwa nyumbani kwake, mbele ya mlango wake. Anayetaka kujua babu yake aliongeaje katikati ya karne ya 19 bado anamfungua Krapf. Mimi sioni aibu kusema kamusi ile ni hazina ya mji huu kuliko ya misheni yoyote.

Na kanisa la Rabai lilijaaje, kama Krapf na Rebmann hawakulijaza? Lilijazwa na watumwa waliotoroka. Watoro walipanda mlima kutafuta hifadhi, na waliowapokea walikuwa watu kama William Jones, ambaye mwenyewe alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Nasik, India, akaja Rabai na kupewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka 1888 wenye watumwa wakaja juu wakidai mali yao, mji ukakaribia kuwaka. Ikabidi ilipwe fidia, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Chini huku Frere Town, wenzao walikuwa wameshaundiwa makao tangu 1875, na kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Hao ndio waumini. Wale Wajerumani wawili walikuwa wamefyeka uwanja, waliojenga nyumba ni hao.

Neno kuhusu Rebmann kisha nishuke. Yeye alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alijaza madaftari ya Kinyasa kwa kumuuliza maneno Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Macho yakapofuka. Mwaka 1875 alipoondoka Rabai alishikwa mkono na Isaac Nyondo, yule mtoto wa Abe Gunja, akamvusha bahari mpaka Ulaya. Mwaka mmoja baadaye Rebmann akafa, akazikwa Korntal.

Wanaotaka kwenda Rabai Jumamosi, daftari liko mlangoni kwa katibu, andikeni majina. Tutapanda matatu mpaka Mazeras, halafu Rabai. Mtaona nyumba ya Krapf, nyumba ya Rebmann, na makumbusho ndani ya kanisa la zamani. Vaeni viatu vya kutembelea. Msitu wa kaya hauingiwi ovyo. Ni mahali patakatifu, na tangu 2008 misitu ya kaya iko katika orodha ya urithi wa dunia. Tutakwenda kwanza kwa wazee, tuketi, tuombe ruhusa, tungoje jibu. Wakisema hapana, tutarudi.